Majungu yanaingia mpaka kwenye kamati

Makala moja niliyoisoma imesema umbeya kazini unawapunguzia wahadhiri ari ya kufundisha. Nakubali, ila ari ni sehemu ndogo ya hasara. Chuo kikuu kinaendeshwa kwa kamati: watu wale wale unaopishana nao koridoni ndio wanaokugawia masomo na kujadili kupandishwa kwako cheo, tena mara nyingi mlango ukiwa umefungwa. Neno kama "nasikia makala zake huandikwa na wanafunzi" likishaingia mle ndani, halina msemaji wala tarehe, na anayesemwa hana pa kulijibu.

Nilimwona mwenzangu akipitia hayo. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja kwenye semina, akaacha kumwonyesha yeyote rasimu zake, akawa anafundisha na kuondoka. Utafiti hauendi hivyo. Wazo bichi linahitaji watu wa kulikosoa. Wa mikataba ya muda ndio wanaumia zaidi, maana mkataba unaweza kuisha kimyakimya bila sababu kutajwa.

Sisemi watu wasizungumziane. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake walionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya mazungumzo ya kawaida huhusu watu na mahusiano yao, na ni kidogo sana kati ya hayo yaliyokuwa ya kumchafua mtu. Mhadhiri mgeni akinong'onezwa kwamba fulani hunyanyasa wasaidizi wake, hiyo ni kinga. Ninachodai ni kamati zikatae tuhuma yoyote isiyoandikwa, na mhusika aisome na kuijibu kabla ya uamuzi kutolewa.