Ndoo Imeingiaje Msibani?

Jamani, hiki Kiingereza nimekikosea nini? Maneno yake nayajua, moja moja. Yakishakaa pamoja tu, yanajifanya hayanifahamu.

Chukua "kick the bucket". Piga teke, ndoo. Hata mtoto wa chekechea anaelewa. Yaunganishe sasa: mtu kafa! Ndoo imeingiaje msibani? Haya, tumeze. Kamusi nayo imeandika "kufa", ikafunga mdomo. Haikusema kwamba huo ni msemo wa mzaha, kwamba ukimwandikia mfiwa ni sawasawa na kuingia kwenye matanga, ukamshika mjane mkono, ukamuuliza, "Eti mama, mzee kadanja saa ngapi?" Utatoka humo ukikwepa viatu.

Ila ya ndoo ina nafuu, maana ukiisikia tu unajua kuna jambo limefichwa. Ninayoiogopa ni ile misemo mipole. "With all due respect." Umesikia heshima hapo, unakaa vizuri uipokee. Haiji! Kinachokuja ni kuambiwa, kwa adabu zote, kwamba hoja yako ni takataka. (Najua, na sisi tuna "samahani, lakini". Ila yetu walau inakuja na mtu keshakunja mikono ya shati.)

Na wenye lugha wenyewe wanaelewana basi? Vita vya Korea, Aprili 1951, kikosi cha Waingereza kimebanwa vibaya na jeshi la Wachina kwenye Mto Imjin. Kamanda wao, Brigedia Tom Brodie, anaulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje. Inasimuliwa kwamba alijibu, "Things are a bit sticky, sir." Mambo yananata kidogo! Mwingereza mwenzake angesikia hapo yowe la kuomba msaada. Mmarekani akasikia "kidogo", akaona basi wanahimili. Askari kwa mamia wakaishia mikononi mwa adui. Yaani mtu kazungukwa na jeshi zima, bado anaona haya kusema, "Jamani, tunakufa!"

Sasa kama majenerali wamechemsha, mimi na kamusi yangu iliyochanika jalada nitafika wapi?

Na mniache na hili la "quite good". Ukilisikia kwa Mwingereza, mara nyingi ni "inapita, si mbaya sana". Kwa Mmarekani, ni nzuri hasa, jipongeze. Na usije ukaniambia nisikilize sauti, maana barua pepe haina sauti wala nyusi. Bosi wetu mpya kazaliwa Uingereza, kasomea Marekani. Juzi kaniandikia kwamba ripoti yangu ni "quite good", akaweka nukta, basi. Mke wangu ananiuliza tusherehekee? Nimemwambia atulie kwanza, mpaka nijue siku anaandika alikuwa ameamka upande gani wa bahari.