Mgao ukianza, msakeni mwenye kinyungu

Mama yangu mdogo kafyekewa kinyungu, kale kabustani ka bondeni tunakolima kiangazi kando ya kijito. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, maharage yanatoa maua, na kamfereji alikokachimba mwenyewe kwa jembe kalikuwa bado kanapitisha maji. Wakaja vijana na kamba, wakapima kutoka kijitoni, wakasema mita 60 hazijatimia, wakapitisha mapanga. Hii ni Mufindi, upande ambao vijito vinateremkia bwawa la umeme la Kihansi, kwa hiyo hotuba yenyewe haikuwa ndefu: mama, unakausha mabwawa ya taifa.

Nilipoyasimulia kijiweni Mafinga, jamaa mmoja akacheka. "Kwani nyie mnataka umeme au mnataka chura?" Chura! Nani kamtaja chura hapa? Nchi hii ukifungua mdomo kuhusu bwawa, unatupiwa chura usoni, mjadala umekwisha, watu wanaagiza chai.

Haya, tumalizane naye. Vile vichura vya manjano, vinavyozaa watoto badala ya kutaga mayai, viligunduliwa Kihansi mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Mitambo ya megawati 180 ikawashwa, maporomoko yakabaki na maji kidogo, manyunyu waliyoyategemea yakakatika. Ugonjwa wa ukungu nao ukaja ukamalizia. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Kilichowaokoa ni wale 499 waliopandishwa ndege kwenda Marekani mwaka 2000. Mwaka 2012 wajukuu zao wakaanza kurudishwa, wakakuta wamefungiwa mabomba ya kunyunyiza, kama bustani ya hoteli. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba chura alifanyiwa hesabu ya hasara yake. Mama mdogo hajafanyiwa.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Gharama ya bwawa kwa mazingira haiishii kwenye ukuta wa zege. Inapanda na mto hadi huku juu, kwa mtu ambaye hata nguzo ya umeme haijafika mlangoni kwake, na anaambiwa asilime bondeni kiangazi ili turbine izunguke. Hakuna bajeti ya jambo hilo. Kuna panga tu.

Angalieni mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 au karibu na hapo, mto unakatika kila kiangazi ndani ya hifadhi. Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera, lililo kwenye mto huo, yalishuka, mgao wa umeme ukatubana, akatafutwa mchawi. Akapatikana Usangu, bonde lililo juu ya bwawa: mfugaji na mkulima wa mpunga. Mifugo ikaondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu, familia zikahamishwa, na mwaka 2008 eneo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto haukuacha kukatika.

Sisemi wakulima wa Mbarali, huko huko Usangu, wana mikono misafi. Mifereji inayoachwa wazi kiangazi, maji yakimwagika kwenye mashamba yasiyo na zao, ndiyo inayowaacha viboko kwenye tope. Hilo nalikubali kwa shingo upande, maana nina ndugu kule. Lakini Mtera haijazwi na maji ya kiangazi! Inajazwa na mafuriko ya masika, ihifadhi, kisha iilishe mitambo ya Kidatu chini yake. Watafiti waliolichunguza bonde hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 walilisema wazi: namna maji yanavyofunguliwa bwawani ni sehemu kubwa ya tatizo. Mliwahi kusikia mshika mageti akitimuliwa kama alivyotimuliwa mfugaji? Ghala likiwa tupu, tunamshika aliyeokota punje shambani, mwenye ufunguo anatoa hotuba ya kutunza vyanzo vya maji.

Halafu ng'ambo ya kijito kilekile cha mama mdogo kuna milingoti, ile mikaratusi inayokunywa maji. Imepandwa hadi ukingoni, mizizi ndani ya maji, mwenyewe yuko mjini. Kamba haikuvuka. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kupanda miti ni kutunza mazingira. Milingoti! Bondeni!

Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115, sawa, limetupunguzia giza, na mimi nachaji simu kama wengine. Misitu iliyofyekwa Selous ina wanaoisemea. Ila hata pale, sehemu kubwa ya maji inatoka mto Kilombero, si Ruaha Mkuu, lakini maji yakipungua mtaona kamba zinaelekea wapi.

Kijijini tunasomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, mpaka hela ya chaki. Kwa nini Mtera na Kihansi wasisomwe? Yameingia kiasi gani, yamefunguliwa lini, nani kaidhinisha. Yabandikwe pale pale panapobandikwa katazo la vinyungu.

Kuna miradi mingine inasubiri huku kwetu: Rumakali kule Makete, megawati 222, na Ruhudji, Njombe, megawati 358. Ndugu zangu, mtaletewa fomu za fidia ya nyumba, miti na makaburi. Ombeni na fomu ya vinyungu, hasa nyie wa vijiji vya juu, ambako maji ya bwawa hayatafika lakini katazo litafika. Watasema haipo. Basi msitie saini mpaka waichape.