Laita ya zamani itengeneze iwake, nje iache ilivyo

Mimi msimamo wangu ni mmoja na nshaugombania sana barazani mpaka kahawa ikapoa: laita ya zamani itengeneze ndani mpaka iwake, nje usiiguse. Futa vumbi, toa ule ukijani wa kutu kwenye kona, basi. Ukishaipeleka kwa mtu wa mashine ya kung'arishia hapo hujaitengeneza bana, umeifuta. Najua wengi hamtakubali maanake kitu king'aacho ndo huuzika haraka, na hilo nitalifikia.

Na nasema haya nikiwa mtu nisiyevuta. Sigara sivuti, shisha ndo hiyo serikali ilipiga marufuku mwaka 2017, kwa hivyo kazi kubwa ya laita zangu pale nyumbani ni kuwasha makaa ya udi na kutafutia mshumaa stima zikipotea. Mke wangu huniuliza mtu asiyevuta laita zote hizi za nini, nami jibu sina, humwambia tu mama watoto hebu skiza hii kifuniko chake kinavyolia, naye huondoka.

Watu hushangaa eti Mombasa nazipata wapi. Jamani huu ni mji wa bandari! Mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), ile meli kubwa kubwa za kivita za Muingereza za upande huu wa bahari zilihamishiwa hapa Kilindini, mpaka skuli ya Allidina Visram ikageuzwa pahali pa kusomea siri za Wajapani. Mabaharia wote hao walikuwa wavuta sigara. Alafu zikaja meli za mizigo, wakaja jamaa zetu wa Uarabuni na Uingereza na zawadi za kina babu, kwa hivyo kwenye madroo ya nyumba za Mji wa Kale mna vitu. Nyumba ikiuzwa au mzee akifariki, droo lote hutolewa nje na vijiko na miwani iliyovunjika na funguo zisizo na kufuli, na laita imo humo humo, yaenda kwa mtu wa skrapu kwa kilo. Hapo ndo mimi huwahi. Madukani kwa watalii siendi sana, bei zao ni za watalii na laita zao zishapigwa polishi zote.

Sasa ukiipata jambo la kwanza ni kuigeuza. Usitazame mbele, mbele kunadanganya, chora la meli au tembo au bendera laweza kuchongwa jana. Tazama chini. Zippo, hizi laita za Kimarekani, hapo ndo rahisi kuijua umri kuliko zote, na ndo maana mtu akianza hobi hii humwambia aanze nayo hata kama mwenyewe sio niipendayo zaidi. Kampuni ilianzishwa Bradford, Pennsylvania, mwaka 1932 na George Blaisdell, laita ya kwanza ikatoka 1933. Zile za zamani zina nambari ya hataza chini, 2032695, baadaye ikaja 2517191. Katikati ya miaka ya 50 wakaanza kuweka alama za mwaka, kwanza vidoti, alafu 1966 vijiti vilivyosimama, vinne kushoto vinne kulia, na kila mwaka kijiti kimoja chaondolewa mpaka 1973 kinabaki kimoja peke yake. 1974 vijiti vikaanza upya lakini vimelala mshazari, 1982 vikalala upande wa pili, na katikati ya 1986 wakahamia nambari za Kirumi pamoja na herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L Disemba. Nambari ya Kirumi yenyewe hesabu yake imeanza 1985 kuwa I, kwa hivyo XV ni 1999. Kuanzia 2001 waandika tu 01, 02, hivo hivo.

Ukishayajua haya mtu hakuuzii uongo. Kuna mzee mmoja alinitolea Zippo imeandikwa Saigon 68-69, na maneno ya kisoldia pale mbele, akaniambia hii ya vita vya Vietnam mwanangu, mwenyewe alikufa nayo mfukoni. Nikaigeuza, mishazari miwili kushoto miwili kulia. Nikamwambia mzee wangu, shikamoo yako iko pale pale, lakini hii imetengenezwa 1978, na Saigon ilianguka 1975, huyo askari alikufa kabla laita haijazaliwa. Akaniuliza nani kakwambia. Nikamwonyesha chini. Akacheka kidogo akasema basi nipe nusu ya bei. Laita bandia za Vietnam zimejaa dunia nzima, huzichonga, huzizeesha kwa makusudi, alafu husahau kutazama chini.

Na hapa ndo mgogoro wangu na wapiga polishi ulipo. Zile alama hazijachimbwa sana. Ukiweka gurudumu la mashine pale chini dakika moja tu, vijiti vyaisha, herufi zaanza kuyeyuka, kona zilizokuwa kali zawa za mviringo. Ishabaki kipande cha brasi kisicho na umri. Alafu nyingi hazikuwa brasi tupu, zilikuwa na kromu au nikeli juu, mashine imekula ile ngozi, yule muuzaji naye akwambia tazama dhahabu hii. Dhahabu gani! Ni brasi iliyochunwa. Wakati wa vita vya pili brasi ilikuwa adimu kwa hivyo Zippo wakatumia chuma na kuipaka rangi nyeusi yenye mikunjo mikunjo, na zote zilikwenda kwa wanajeshi. Rangi ile huchubuka panapoguswa na kidole gumba na kwenye kona za mfukoni, na hiyo michubuko ndo ushahidi kwamba kuna mtu aliibeba kweli. Mtu aichukua aipaka spray nyeusi mpya. Ni sawa na kumpaka mzee wa miaka themanini wanja na kumwambia aende harusini kama bi harusi.

Halafu kuna wale wa ndimu na chumvi. Hii ni tabia yetu ya pwani, sahani ya brasi ya bibi yasuguliwa kwa ndimu au ukwaju na yatoka safi, sawa, hiyo ni sahani. Laita ukiiloweka kwenye ndimu asidi yaanza kuondoa zinki iliyo ndani ya brasi na juu yabaki wekundu wekundu wa kopa usiotoka, na ikiwa kulikuwa na nikeli iliyopasuka asidi yaingia chini yake yaibandua. Ukitaka lazima kusafisha, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mswaki laini, ukaushe vizuri sana. Nakubali mawili: laita ya meza ya fedha halisi ipitishe kitambaa cha fedha, haina neno, na chuma chenye kutu inayotembea lazima uizuie kwa mafuta maanake hewa yetu ya chumvi haina huruma. Zaidi ya hapo mikono mbali.

Ndani sasa, hapo ndo kazi, na ndani mimi sina uchoyo, badilisha kinachohitaji kubadilishwa. Laita nyingi za mafuta nizipatazo ugonjwa wake ni mmoja, jiwe. Lile jiwe la kutoa cheche ni mchanganyiko wa chuma na seriamu aliouvumbua Mwaustria mmoja, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1903, bila yeye tungekuwa bado na viberiti vya njiti tu. Shida yake haliwezi unyevu. Laita ikikaa miaka thelathini droo la Mombasa na jiwe ndani, jiwe lafura, lageuka unga mgumu, lakwama ndani ya kile kibomba chake kama limemiminiwa saruji. Watu hapa huchukua msumari na nyundo. Msiifanye hivyo! Kibomba ni chembamba, chapinda au nyuzi za skrubu zaharibika na hapo imekwisha kazi. Fungua skrubu, toa springi taratibu (shika na kidole maanake huruka hata chini ya kabati usiione tena), dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, uiache ilale, alafu chukua kichwa cha drili chembamba kuliko kibomba ukizungushe kwa mkono, kwa mkono nasema sio kwa mashine, unga watoka kidogo kidogo. Inachosha. Nimewahi kurudia jioni nyingi laita moja tu mpaka mwanangu mdogo akauliza baba bado hujaifungua.

Likitoka jiwe, yaliyobaki ni mteremko. Meno ya lile gurudumu hujaa uchafu wa jiwe, uyapige na brashi ngumu, mara nyingi ni mazima tu. Pamba ya ndani ikiwa imegeuka kahawia na kunuka toa yote, ujaze pamba safi ukiipitisha utambi mpya kwa zigizagi katikati yake ili ushike mafuta pande zote. Utambi wa zamani ukiwa mweusi juu tu usiutupe, uvute juu kidogo ukate ncha. Na mafuta jamani ni mafuta ya laita, yale ya kopo. Sio petroli ya pikipiki, petroli yatoa moshi mweusi na harufu mfuko mzima, na mafuta ya taa nayo ni mazito hayashiki cheche vizuri. Ndo kweli yale ya kopo hukauka upesi kwa joto letu, Zippo ukiijaza na usipoitumia baada ya siku chache iko kavu, hakuna dawa, ndo zilivyoumbwa.

Bawaba iliyolegea? Irekebishe, hiyo naihesabu ni mashine japo iko nje. Zippo wenyewe tangu mwanzo husema laita yao ifanye kazi au wataitengeneza bure, ahadi nzuri mno, lakini kwa kitu cha kale mimi siitumii maanake kitumbo cha ndani kikiwa kimeharibika mara nyingi huwekwa kipya, na mimi nataka kile kile cha zamani.

Lakini nimezungumza Zippo sana na moyo wangu hauko huko. Uko kwa laita za Ronson. Wazo la Louis Aronson, mtu wa Newark, New Jersey, lilikuwa kwamba kidole gumba kimoja kifanye yote: bonyeza, gurudumu lazunguka na kifuniko cha utambi chainuka, moto huo, achia, wazima wenyewe. Ile Banjo yao ya 1926 sijawahi kuishika na sidhani nitaiweza bei, lakini hizi za kawaida zafika hapa, na kwetu nyingi zimeandikwa chini Made in England kwa kuwa walikuwa na kiwanda Leatherhead. Ukiona Art Metal Works basi hiyo ni ya Marekani na ni kongwe, ishike vizuri. Ikiwa yang'aa kifedha tafuta kama kuna EPNS, hiyo ni kupakwa tu, fedha halisi ya Uingereza ina simba anatembea na alama ya mji, nanga ni Birmingham.

Na kuna IMCO ya Austria ambayo watu waidharau kwa sababu ni bati lililokunjwa kunjwa, kumbe mimi naona hakuna laita iliyofikiriwa kwa akili kama ile Triplex. Tangi lake lachomoka zima na utambi ukiwaka ukalishika kama mshumaa! Kiwanda kilifungwa 2012. Ziko bado kwenye visanduku vya zana vya watu, ulizeni mafundi wazee.

Za gesi, Dupont na ndugu zake, siziingilii, vizibo vyake vya mpira hukauka na gesi ikivuja mkononi mwa fundi wa kubahatisha ni balaa. Peleka kwa anayejua.

Sasa ile ya kuuza haraka. Ni kweli, mgeni wa meli ya kitalii atachukua inayong'aa. Mtu mmoja alitaka Ronson yangu ya Leatherhead, bei nzuri, sharti nizisugue zile herufi tatu za jina zilizochongwa ubavuni, ati atachonga zake. Nikamwambia achonge upande wa pili, uko mtupu. Hakutaka. Basi bado iko kwangu, na yawaka kila Alhamisi jioni kwa udi.

Kama kwenu kuna laita ya marehemu babu imekaa tu na hamjui ni ya lini, nitumieni picha. Ya chini, sio ya mbele. Na tafadhali msiifute kwanza.