Msamaha wa kikaoni na uchungu unaobaki

Mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, simu za watu wa Mombasa hujaa ujumbe wa kuombana radhi, na mwingi huandikwa mara moja tu ukatumwa kwa kila jina lililomo simuni, kuanzia shangazi hadi fundi wa mifereji. Desturi ni njema, ila aliyeumizwa hasa haoni humo hata neno moja linalotaja alilotendewa, na bado hutarajiwa kujibu kwamba amesamehe.

Wanaoutaja msamaha kuwa dawa ya moyo hawasemi ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha watu 4,598 katika nchi tano zikiwemo Afrika Kusini na Indonesia, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya maandishi ya kusamehe walipungukiwa na kinyongo, sonona na wasiwasi. Mazoezi hayo yanafuata njia ya mwanasaikolojia Everett Worthington wa Marekani, ambaye mamake mzazi aliuawa nyumbani kwake usiku wa kuamkia mwaka 1996. Hatua yake ya kwanza ni kuukumbuka uchungu wenyewe jinsi ulivyokuwa.

Vikao vyetu vingi vya kupatanisha ndugu huiruka hatua hiyo. Dada aliyedhulumiwa na kakake katika nyumba ya urithi huitwa sebuleni, kahawa na halua zikapitishwa, na kabla hajaulizwa lolote mzee mmoja humshika mkono, akautia katika mkono wa kaka na kusema yaliyopita si ndwele. Akilia, huambiwa asimpe shetani nafasi. Wazee wana sababu zao, na si ndogo: watu hawa watakutana tena harusini na mazikoni, na ugomvi usiozimwa mapema huwafikia watoto ambao hata hawajui ulikoanzia. Lakini kinachopatikana pale ni utulivu wa familia, na huyo dada ndiye anayeulipia.

Katika ndoa gharama huwa kubwa zaidi. Mwanasaikolojia James McNulty, katika utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia wanandoa wapya kwa miaka minne, aliona kwamba waliokuwa wepesi wa kusamehe waliendelea kufanyiwa ukali uleule, ilhali kwa wasio wepesi ulipungua. Mke anayerudishwa kwa mume anayempiga, kwa hoja ya subira, hajatibiwa chochote. Hata aya ya 40 ya Suratu Shura, inayosomwa sana katika vikao hivi, huanza kwa kuithibitisha haki ya aliyekosewa kulipiza kwa kiasi alichotendewa, ndipo ikamwahidi ujira anayesamehe na kusuluhisha. Kwa maoni yangu, dada yule anaweza kumsamehe kakake na bado akaidai sehemu yake kwa Kadhi, na asionekane mnafiki.

Hoja ya msamaha huwa na nguvu zaidi mkosaji anapokuwa amekufa. Kwenye maziko hutangazwa kwamba aliyekuwa akimdai marehemu awaone warithi au amsamehe. Aliyekuwa akimdai fedha ana pa kwenda, lakini aliyetukanwa utoto mzima na babake hana mrithi wa kumwendea, na kwake, kusamehe kwa wakati anaouchagua mwenyewe ndiyo njia pekee isiyohitaji ushirikiano wa mtu mwingine.