Ngiri Imeshonwa, Gunia Linasubiri: Mbeba Mizigo Arudi Lini Kazini?

Mbeba mizigo wa Kariakoo au Kongowea akitoka wodini baada ya upasuaji wa ngiri ya kinena, mara nyingi anapewa sentensi moja: usibebe kitu kizito miezi mitatu. Daktari mwingine, anayefuata miongozo ya miaka ya karibuni, atamwambia arudi kwenye shughuli zake pindi maumivu yatakapomruhusu, hata kama ni baada ya siku chache. Majibu hayo yanapingana, na kila moja lina hoja nzito nyuma yake. Anayebaki katikati ni mtu ambaye siku asiyobeba ni siku asiyopata hela ya kula.

Tuanze na jina, maana mitaani "mshipa" na "ngiri" hutumika kwa magonjwa mawili tofauti. Busha, yaani ngiri maji, ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Anayepasuliwa busha hana tundu lolote kwenye ukuta wa tumbo, na kwake shida ni uvimbe na usafi wa kidonda zaidi kuliko uzito wa mzigo. Ngiri ya kinena ni utumbo au mafuta ya tumboni yanayopenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Tunayoyasema hapa ni ya ngiri hiyo ya pili. Ushauri wa jirani aliyepasuliwa "mshipa" akarudi kazini baada ya wiki mbili hauna maana mpaka ujulikane alipasuliwa nini.

Wanaosema miezi mitatu hawakuitoa hewani. Njia ya kushona ngiri iliyotawala kwa karibu miaka mia moja, ile ya daktari wa Italia Edoardo Bassini ya miaka ya 1880, huvuta misuli ya juu ya kinena na kuishona kwenye ukano wa chini yake. Vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali vinalazimishwa kukaa pamoja, kwa hiyo mshono una mvutano hata mgonjwa akiwa amelala. Na nyama iliyokatwa hurudisha nguvu polepole: wiki ya kwanza haifikii hata asilimia 10 ya nguvu yake ya awali, wiki ya tatu ni kama asilimia 20 hadi 30, wiki ya sita ni karibu nusu, na miezi mitatu ni kama asilimia 80. Mia haifiki tena. Uzi nao una saa yake. Uzi wa kuyeyuka wa aina ya Vicryl hubaki na nusu tu ya nguvu zake ifikapo wiki ya tatu, na baada ya mwezi umebaki na robo hivi. Ndiyo maana wiki ya pili mpaka ya nne ni kipindi cha kuogopwa pale uzi wa namna hiyo unapokuwa ndio unaoshikilia ukuta: uzi unalegea na nyama bado haijashika. Wakati huohuo ngozi ya juu imeshafunga, nyuzi za nje zimetolewa siku ya 7 hadi ya 10, na mgonjwa akijitazama anaona amepona.

Upande wa pili una wavu. Miaka ya 1980, Irving Lichtenstein na wenzake kule Los Angeles walieneza njia ya kuacha misuli ilipo na kuziba udhaifu kwa kipande cha wavu wa plastiki. Hakuna kinachovutwa. Wavu hushikizwa kwa uzi usioyeyuka kama Prolene, kwa hiyo tangu siku ya kwanza mzigo unabebwa na wavu na uzi wake, na nyama inaota taratibu kwenye matundu yake. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya mwaka 2018 inasema kwamba baada ya upasuaji usio na tatizo mgonjwa hana haja ya kuzuiwa shughuli, na kwamba kumzuia hakupunguzi kurudi kwa ngiri.

Hoja yao nyingine inawagusa wengi kuliko wanavyodhani. Kikohozi kikali huongeza shinikizo la tumboni kuliko kunyanyua mzigo wa kawaida. Mtu anayekatazwa kubeba ndoo huku akikohoa usiku kucha kwa sababu ya sigara, au akijikamua chooni kila asubuhi, amelindwa dhidi ya adui mdogo na kuachiwa mkubwa. Tena ngiri inayorudi mapema, mara nyingi ina chanzo chake chumba cha upasuaji: wavu uliokatwa mdogo, au ambao haukupitiliza mfupa wa mbele wa nyonga kwa sentimita 1 hadi 2 inavyotakiwa, au kidonda kilichoingia usaha. Kumlaumu mgonjwa kwamba "alibeba" kumekuwa rahisi mno.

Kuna anayedhani wavu ni wa watu wa Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei ghali, na nusu kitambaa cha aina ya chandarua kilichotakaswa kihospitali. Mwaka mmoja baadaye, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu. Hilo ni eneo la wakulima, watu wa jembe na kuni. Kwa maoni yetu, aliyewekewa wavu akafungiwa ndani miezi mitatu anaonewa. Miguu inadhoofika, damu inaweza kuganda kwenye mishipa, na deni dukani linakua bila sababu ya kitabibu.

Hata hivyo, ruhusa ya "shughuli za kawaida" isichukuliwe na kubandikwa mgongoni kwa mchukuzi wa Kariakoo. Uingereza, mwongozo wa usalama kazini humpa mwanaume kilo 25 kuwa kipimo cha tahadhari, tena mzigo ukiwa karibu na kiuno. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 mwanaume mzima asizidishe kilo 55. Gunia la mahindi ni kama kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inazidi hapo. Mgonjwa wa London anayeambiwa arudi kwenye kawaida yake anarudi kwenye kawaida nyingine kabisa. Kilo 100 mgongoni ni mzigo mbaya hata kwa tumbo ambalo halijawahi kuguswa na kisu, na kwa aliyeshonwa hatuoni wiki yoyote inayoufanya uwe salama.

Kinachoharibu zaidi ni jinsi katazo la miezi mitatu linavyovunjwa. Kibarua hawezi kulitimiza, na kwa kuwa hakupewa ngazi yoyote kati ya sifuri na gunia zima, siku njaa inapomtoa nyumbani, tuseme wiki ya tatu, anaruka moja kwa moja kwenye saruji ya kilo 50. Amri kali imemfikisha kwenye hatari ileile iliyotaka kuizuia. Afadhali apewe kilo na wiki.

Kwa aliyewekewa wavu, asiye na homa wala usaha, na kama aliyempasua hakusema vinginevyo, ngazi tunayoiona inafaa ni hii. Kutembea kunaanza siku ileile ganzi ya mgongoni inapoisha. Wiki ya kwanza asizidishe kilo 5, sawa na dumu dogo la lita tano. Wiki ya pili, kilo 10. Wiki ya tatu na ya nne, ndoo ya lita 20, ikibebwa kwa mikono miwili karibu na mwili. Wiki ya tano na ya sita, kilo 25 mpaka 30, huku safari za siku zikiwa nusu ya alizozoea. Baada ya wiki ya sita anaweza kujaribu mfuko wa saruji, aanze na michache asubuhi kabla hajachoka, na abaki hapohapo. Maumivu ya kuchoma yakija wakati wa kunyanyua na kubaki mpaka kesho yake, anashuka ngazi moja kwa wiki nzima. Aliyeshonwa bila wavu aanze ngazi ya kilo 20 baada ya wiki ya sita, na saruji isubiri miezi mitatu. Kwake ushauri wa zamani bado una miguu ya kusimamia. Aliyepasuliwa katikati ya tumbo, kwa ajali au utumbo uliooza, asitumie ngazi hii hata kidogo. Ukuta wake umefunguliwa wote na yeye ndiye anayepata ngiri ya kovu, inayotokea pale alipokatwa.

Kilo zenyewe zinadanganya mtu wa ujenzi. Ndoo ya lita 10 ikiwa na maji ni kilo 10. Ikiwa na zege ni kama kilo 24. Msimamizi akisema "mpeni ndoo ndogo" amempa mzigo wa wiki ya tano. Mkokoteni nao huhesabiwa kuwa kazi nyepesi kwa sababu haunyanyuliwi, lakini kuusukuma kupanda kilima au kuuzuia usiteremke hubana tumbo kwa nguvu kuliko ndoo. Hatari kubwa kuliko zote ni mzigo unaoteleza, pale mtu anapojipinda kulidaka gunia lisianguke bila misuli kujiandaa. Liache lianguke. Kupokea mzigo unaorushwa kutoka juu ya lori kuwe kazi ya mwisho kabisa kurudia, baada ya kubeba, wala si kabla. Na wakati wa kunyanyua atoe pumzi, asiibane. Vumbi la saruji na jasho vikae mbali na kidonda mpaka kifunge, maana saruji mbichi huunguza ngozi.

Dawa za maumivu zitumike ili atembee na alale: parasetamoli gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Kumeza vidonge asubuhi ili abebe ni kuzima kengele pekee aliyonayo. Tramadoli hufunga choo, kwa hiyo anayeitumia aongeze maji, mapapai, mboga za majani na maharage. Akitaka kukohoa, abane kidonda kwa kiganja.

Korodani kuvimba kidogo na kuwa na weusi wa damu siku za mwanzo si ajabu. Uvimbe unaotokea akisimama na kupotea akilala ni wa kurudi nao kliniki. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na anatapika, hiyo ni dharura ya saa hizohizo. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu nayo yana tiba, asiyanyamazie. Kwa waliopasuliwa ngiri, karibu mmoja katika kumi hubaki nayo, na ndiyo yanayowakwamisha kazini.

Mwenye ajira rasmi Tanzania ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Wiki sita zinaingia humo na kubaki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inahakikisha angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, na hizo haziufikishi hata mwezi wa kwanza wa ngazi yetu. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, kwa vitendo hana hata siku moja. Kwake kinga iliyopo ni kundi lake: makuli wanaogawana malipo kwa shehena wanaweza kumweka aliyepasuliwa kwenye kuhesabu magunia, kushona midomo yake na kulinda mzigo, kwa mgao mdogo, mpaka wiki ya sita.

Haya yote yanategemea karatasi moja. ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa kazini, inayosema "kazi nyepesi wiki nne" haimsaidii mtu, kwa sababu nyapara ndiye atakayeamua nyepesi ni nini. Kabla hajatoka wodini aombe iandikwe hivi: ngiri ya kinena, kulia au kushoto, amewekewa wavu au hakuwekewa; asizidishe kilo 10 mpaka tarehe fulani, kilo 20 mpaka tarehe fulani; asipokee mizigo kutoka juu ya gari. Daktari anayeiandika atatumia dakika mbili.