Kaka, hiyo migomba iache

Kaka yangu ametuma picha kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Ni mchoro wa sebule mpya ya nyumbani Kibosho, kule Moshi: vioo toka chini hadi juu, vigae vinavyong'aa, na ua mzima umepigwa pevingi. Ili nafasi ipatikane, mistari mitatu ya migomba iliyo kati ya nyumba na kaburi la babu itang'olewa. Chini ya picha ameandika: "Krismasi ijayo na sisi tukae kama Ulaya." Ndugu wote wamemjazia makofi. Mimi bado, na sababu yangu inaanzia Desemba 2020.

Naishi Reading, magharibi ya London, na kazi yangu ni kutunza wazee. Mwaka ule wa korona, serikali ya Uingereza ilikuwa imetuahidi kwamba toka tarehe 23 hadi 27 Desemba kaya tatu zingeruhusiwa kukaa pamoja. Nikaagiza mkungu wa ndizi, nikaalika familia ya rafiki yangu kutoka Milton Keynes, watoto wakaanza kuhesabu siku. Jumamosi ya tarehe 19, jioni, Waziri Mkuu Boris Johnson akasimama kwenye televisheni akasema London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki, Berkshire yetu ikiwemo, zinaingia daraja la nne, lile la vikwazo vikali kuliko yote, usiku uleule. Mgeni asiingie ndani. Waliokuwa wakiishi peke yao waliruhusiwa kujiunga na kaya moja. Sisi wengine tungeweza kuonana na mtu mmoja tu, nje, mahali pa umma. Hata kumkaribisha mtu kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yako ilikatazwa. Ndizi zangu zilikuwa zimeshafika. Zilikaa jikoni zikaanza kuiva.

Anayeisikia "bustani ya Ulaya" akiwa Moshi anaona maua na nyasi zilizokatwa. Ya kwangu ni hatua nane kwa tano, imezungukwa na uzio wa mbao unaonifika mabegani. Nalima sukuma wiki, kwa sababu mboga ya maboga huku inakufa baridi ya kwanza tu ikipita. Asubuhi ya Krismasi ile nilitoka na kisu. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, ukiyakunja yanalia vidoleni. Sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu kuliko ya kiangazi, maana mmea unajiongezea sukari ili usigande. Hilo nilifundishwa na jirani yangu, bibi wa Kiingereza, mjane aliyepita miaka themanini. Tulikuwa tumekaa ukuta kwa ukuta miaka sita tukipungiana mikono tu. Siku ile aliniwekea juu ya uzio shina zima la vile vikabichi vidogo wanavyokula Krismasi, nami nikamwekea mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye bakuli lenye kifuniko. Tulizungumza, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka nyayo zikafa ganzi. Aliniuliza ndizi inalimwaje. Ilipofika saa kumi jioni jua lilikuwa limeshazama, tukaagana.

Jioni ile nikapiga simu ya video nyumbani. Wachaga wanajua Desemba inavyokuwa: Dar es Salaam inapungua watu, barabara ya Moshi inajaa, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Mdogo wangu alikwenda na treni, ile iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya njia kukaa kimya kwa miaka mingi. Nilimwona mama amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la nje. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Watu walikaa chini ya migomba, wengine kwenye viti, wengine kwenye mkeka, wengine wameegemea mti wa parachichi, upepo wa mlima unapita katikati yao. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa kwenye ndoo, na kata ya kunywea ilikuwa moja. Niliiona ikitoka kwa baba mdogo ikaenda kwa shemeji, ikaenda kwa mzee wa jirani, ikarudi. Halafu mvua ikaanza. Watu kama arobaini wakaingia sebuleni, wakafunga madirisha kwa sababu ya baridi, wakabanana mpaka kwenye mikono ya makochi. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema tu, "Mama, fungueni dirisha." Wakacheka, wakaniambia huku hakuna korona.

Siwalaumu. Takwimu za mwisho kutangazwa Tanzania mwaka 2020 zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya, na Juni tukaambiwa ugonjwa umeisha. Mama yangu angejuaje? Mimi kazini nilikuwa nimeshatandua vitanda vya wazee waliokufa, wale niliowalisha kwa mkono wangu, nikajua. Yeye alikuwa na redio.

Baba mdogo alifariki Februari 2021. Korona hakuipata siku ile ya Krismasi, siku zilikuwa zimepita nyingi. Hospitalini familia iliambiwa ni "changamoto ya upumuaji", maneno yaliyokuwa midomoni mwa kila mtu miezi ile. Walikuja watu wengi kumzika. Nilifuatilia kwa simu, picha ikikatika, nikiona majani ya migomba na juu yake anga, halafu migongo ya watu. Nimekaa na uchungu huo na sitauficha: ukweli ungeokoa watu. Hata Maaskofu Katoliki walipotoa barua ya tahadhari mwishoni mwa Januari, kwetu wengi waliisikia wakiwa wamechelewa.

Basi ndugu zangu wakisema "nyinyi mlifungiwa kama kuku, sisi tulikula sikukuu", nakubali nusu. Tulifungiwa, na upweke ule ulikuwa ugonjwa mwingine. Lakini kila jioni tuliambiwa wangapi wameugua na wangapi wamekufa, na mtu mzima anastahili kuambiwa. Nyumbani mlinyimwa hilo, huku mmekalia kitu ambacho Waingereza walikitafuta kwa hela: mahali pa nje pa kukaa na watu wenu. Katika hewa ya wazi ugonjwa ule ulikuwa mgumu kuambukiza. Angekuwepo wa kuwaambia, mngeacha tu kuingia ndani, na kila mtu angeshika kata yake. Sikukuu ingebaki sikukuu.

Na Waingereza walipoanza kufunguliwa, angalieni walianzia wapi. Tarehe 29 Machi 2021 wakaruhusiwa kukutana nje, watu sita au kaya mbili, bustani za nyumbani zikiwemo. Sebule zilisubiri hadi 17 Mei, wiki saba. Mtaa wangu mzima ulinunua mahema, viti vya nje, majiko ya kuotea moto. Bibi jirani aliingia kwangu kwa mara ya kwanza siku ile ya Machi, akapitia geti la nyuma na kiti chake mkononi, akakaa mbele ya sukuma wiki akiwa amevaa koti na kofia. Alilia kidogo. Tulikunywa chai ya tangawizi mpaka ikapoa.

Kaka, unataka tukae kama Ulaya, na mimi nilikaa hivyo. Sebule yenye vioo niliishi ndani yake miezi, natazama nje. Hiyo migomba unayotaka kuing'oa ndiyo kivuli cha kahawa, ndiyo chakula cha mbuzi, samadi yake inarudi shinani, na babu alizikwa pale ili asikie watu wakiongea. Sebule utaijenga itumike wiki mbili, halafu nani atafagia vigae? Mama hakai sebuleni hata sasa. Anakaa kwenye kigoda, karibu na jiko, anapoona nani anapita njiani.

Mama alichanjwa mwaka 2021, baada ya Rais Samia kuzindua chanjo Julai, na ana afya. Ila kifua chake si kile cha zamani, na Desemba watoto wanatoka mjini na mafua ya kila aina.

Kwa hiyo ninaomba mistari mitatu ibaki. Bomoa choo cha zamani ukitaka nafasi, kile hakuna atakayekililia. Mvua isiwe sababu: nimeshamtumia shemeji hela ya turubai, mita kumi kwa nane, na ya kata ishirini. Nguzo zikatwe mapema, kiti cha mama kiwekwe upande wa jikoni ambako upepo hauleti moshi.