Mama Mkwe, Kanyaga Breki

Pikipiki yangu ni ya cc 125. Ilikuja na sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni, ya mbele ya meno 15 na ya nyuma ya meno 45. Gawanya 45 kwa 15 unapata 3, maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Kwa mtu wa tambarare hesabu hiyo haina neno. Mimi naishi Lushoto, na huku tambarare ni juu ya meza tu.

Ukipakia gunia la viazi, gia ya pili inakataa na ya kwanza inalia njia nzima. Dawa inayojulikana ni kuweka sproketi ya mbele ya meno 14. Hapo 45 kwa 14 inakuwa 3.21, na nguvu ya kuvuta inaongezeka kama asilimia 7. Kasi nayo inapungua karibu kiasi hichohicho, lakini nani huku anaitafuta kasi? Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, kwa bei ndogo zaidi na bila kurefusha cheni. Hata spidomita haidanganyi, kwa kuwa kwenye pikipiki yangu waya wake unatoka tairi la mbele.

Fundi aliniambia ni kazi ya nusu saa. Hakusema nusu saa ya nani.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mama mkwe, amepanda kutoka Korogwe kuja kuona wajukuu. Alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, anachambua maharage. Nikaona ni fursa nzuri ya kumwonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa kupeleka kila kitu gereji. Nikaegesha pikipiki kwenye stendi kubwa, mbele yake kabisa, nikapanga vifaa: boksi spana namba 8 na namba 10, spana namba 19 ya nati ya ekseli, plaizi ya mdomo mrefu, brashi kuukuu, beseni lenye mafuta ya taa, na bakuli la kuwekea bolti. Bakuli lilikuwa la uji wa mtoto. Kesi ya bakuli ilisikilizwa jioni na mama watoto, na hukumu yake siiandiki hapa.

Kazi inaanzia kushoto. Unalegeza bolti namba 10 inayobana kanyagio la gia, unalivuta litoke kwenye shafti yake. Kabla hujalivuta, chora alama kwa rangi au msumari ili ujue lilikuwa limekaa kwenye mtaro upi. Sikuchora. Kisha kava la sproketi, ambalo kwangu linashikwa na bolti tatu namba 8. Ndani nikakuta tope, oili na mchanga wa miaka, vimeshikamana kama halua. Hiyo halua usiiogope, ikwangue yote, kwa sababu nyuma ya sproketi kuna sili ya oili na huwezi kuikagua ikiwa imezikwa. Ukiona pamelowa oili safi inayotiririka, badilisha sili papo hapo. Yangu ilikuwa kavu. Nikafurahi, nikageuka kidogo kuona kama mama mkwe anaona. Anaona.

Nikalegeza ekseli, nikaisukuma mbele ili cheni ilegee, nikaitoa klipu ya kile kiungo kinachounganisha ncha za cheni kwa plaizi, cheni nzima nikaitumbukiza kwenye beseni. Nikaipima hapohapo, maana hili najua. Cheni ya saizi ya 428 ina mm 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo nafasi 20 zikiwa mpya ni mm 254. Ikifika 259 ni ya kutupa, na sproketi zote mbili ziende nayo. Yangu ilisoma 256. Bado ina maisha.

Zikabaki bolti mbili tu.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo sproketi ya mbele haina nati kubwa ya katikati. Inazuiwa na kibati chembamba kinachobanwa na bolti mbili fupi za namba 10. Nikaingiza spana, nikavuta. Bolti haikulegea. Sproketi nzima ikazunguka nayo, laini, kama gurudumu la cherehani. Nikavuta tena kwa ghafla, ikazunguka tena. Nikaikamata sproketi kwa plaizi, plaizi ikateleza, ngozi ya kidole ikabaki kwenye injini. Nikaamua kuibana bolti yenyewe kwa ile plaizi. Usifanye hivyo. Bolti ya pembe sita ikawa ya mviringo kabla sijamaliza kutukana kimoyomoyo.

Ndipo nikakumbuka nilichowahi kukiona gereji: fundi akilegeza sproketi, kijana wake anakanyaga breki ya nyuma. Breki iko kulia, bolti ziko kushoto, mtu mmoja hafiki. Mama watoto alikuwa sokoni. Nikaangalia huku na huku. Barazani alikuwepo mtu mmoja.

Sasa mama mkwe huwezi kumpigia kelele "kanyaga hapo!" kama kijana wa gereji. Nikanawa mikono kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Si uliniamkia asubuhi?"

"Ndiyo, Mama. Naomba, kama hutajali, uniwekee mguu kidogo hapa."

Akajifunga kanga vizuri, akaja, akakanyaga. Nikarudi kushoto, nikavuta. Sproketi ikazunguka.

"Mama, samahani, ongeza kidogo."

Akaongeza. Ikazunguka.

"Kidogo tena, kwa hisani yako."

"Mkwe, nimesimama na uzito wangu wote hapa."

Na kweli alikuwa amesimama, mguu wa pili hewani, ameshika kiti cha pikipiki kama abiria anayedandia basi. Mtu mwingine ningemwambia hana nguvu. Huyu nikamwambia, "Ahsante sana, Mama, unafanya vizuri," huku bolti inacheka.

Jirani akasikia, akaja. Ni mtu wa kilo tisini na kitu. Akachuchumaa nyuma, akalikumbatia tairi kwa mikono miwili, kifua juu yake. Mama mkwe juu ya breki, jirani kwenye tairi, mimi kwenye spana. Moja, mbili, tatu! Sproketi ikazunguka kama kawaida.

Jirani akapumua, akatoa hukumu: "Breki shuu zimekwisha hizi. Tushushe tairi tuzione." Nikakubali. Nilikuwa tayari nimeshaikamata nati ya ekseli, wallahi, nataka kushusha tairi la nyuma, wakati mwanangu wa darasa la tatu aliporudi kutoka dukani na chumvi mkononi. Akasimama, akatutazama watu wazima watatu.

"Baba," akasema, "cheni si hiyo kwenye beseni?"

Kimya. Jirani akaliachia tairi polepole, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala. Mama mkwe, mguu bado juu ya breki, akaniuliza kwa sauti ya upole sana:

"Kwa hiyo mimi nimekanyaga nini?"

Alikuwa amekanyaga tairi, na tairi lilitulia vizuri mno, lawama hana. Breki ya nyuma inashika tairi, na kitu pekee kinacholiunganisha tairi na sproketi ya mbele ni cheni. Bila cheni, hata ukiita kijiji kizima kikae juu ya ile breki, shafti ya sproketi ya mbele haina habari. Ilibaki gia: ukiweka gia ya kwanza, injini yenyewe inaishika shafti, na kwa bolti ndogo kama hizi mara nyingi hiyo inatosha. Lakini pikipiki ilikuwa nyutro, na kanyagio la gia nililing'oa mimi mwenyewe kabla ya yote. Vitu viwili vinavyoweza kuizuia sproketi ile nilikuwa nimeviondoa vyote, kwa mpangilio mzuri, mbele ya shahidi.

Mpangilio wenyewe ni huu: vua kava, rudisha kanyagio la gia kwa muda uweke ya kwanza, acha cheni mahali pake, mtu akanyage breki, legeza bolti mbili robo mzunguko tu. Baada ya hapo ndipo uitoe cheni.

Tukairudisha cheni ikichuruzika mafuta ya taa. Mama mkwe akakanyaga tena bila kuombwa, kwa mguu mmoja, na uso wa mtu asiyetaka kukosa mwisho wa hadithi. Bolti ya kwanza ikasema "ka!" na kuachia. Ya pili, ile niliyoiviringisha, ikabidi niipige kwa tindo na nyundo ukingoni, kuelekea upande wa kufungulia, mpaka ikasogea. Bolti ya namna hiyo usiirudishe. Nunua nyingine yenye urefu uleule, maana ikizidi inatokeza nyuma ya sproketi na kukwangua injini.

Nikaichukua sproketi mpya nimalize fedheha. Haikuingia. Tundu lake lilikuwa dogo na mitaro ni mingine kabisa. Nilikuwa nimeinunua kwa mdomo: "nipe ya cc 125, meno 14." Dukani hununui sproketi kwa mdomo, unakwenda na ile ya zamani mkononi, unaziweka moja juu ya nyingine, mitaro ilingane na matundu ya bolti yalingane. Kisha unasoma namba zilizogongwa, 428 na 14T. Hiyo 428 usiipuuze. Sproketi ya cheni ya 420 ina nafasi zilezile kati ya meno, kwa hiyo itaonekana inakubali, ila meno yake ni membamba na yanacheza ndani ya cheni pana.

Tatizo ni kwamba ya zamani inatoka pikipiki ikiwa imeshavuliwa. Nikapanda bodaboda, nimekumbatia sproketi mbili zenye grisi. Dereva akaniangalia kwenye kioo.

"Mzee, pikipiki yako ipo wapi?"

"Ndiyo hii nimeishika."

Iliyorudi nami ilikaa vizuri. Kibati unakisukuma kwenye mitaro ya shafti mpaka kifike kwenye mfereji wake, hapo unakizungusha kidogo ili matundu yake yaonane na ya sproketi, ndipo bolti ziingie. Ukimaliza utaona sproketi inacheza kidogo kushoto na kulia. Iache, imeundwa hivyo. Mimi nilikata kipande cha kopo nikitaka kuiziba ile nafasi. Jirani akaninyang'anya mkasi.

Klipu ya kiungo inawekwa upande uliofumba ukitazama cheni inakokwenda. Kwa cheni ya juu huko ni mbele, na mdomo ulio wazi unabaki nyuma. Ukiigeuza, kitu chochote kitakachoigusa njiani kinaweza kuichomoa. Oili nilipaka ya gia, nikizungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Wanaowasha injini na kuweka gia ili cheni ijizungushe yenyewe utawajua kwa idadi ya vidole.

Halafu kukaza. Jino moja likipungua mbele, ekseli inahitaji kurudi nyuma kama mm 3 tu. Cheni yangu ilikuwa imelegea tangu zamani, kwa hiyo nikairudisha karibu mm 10, mpaka cheni ya chini ikacheza mm 25 katikati. Alama za kushoto na kulia zikalingana, nati ya ekseli ikakazwa. Kanyagio la gia nililiweka juu kwa mtaro mmoja, nikajikuta nabadilisha gia kwa goti. Nikalirudisha. Jua lilikuwa linazama. Nusu saa ya fundi ilikuwa imechukua saa saba.

Asubuhi mama mkwe anaondoka, na nani wa kumpeleka stendi kama si mkwewe mwenye sproketi mpya? Wakati naitoa uani niliona pikipiki ni nzito kusukuma. Nikajisemea ni cheni, imekazwa, itazoea. Tukaanza kupanda. Gia ya kwanza, inalia. Nikarudi moyoni kwenye hesabu ya 3.21, asilimia 7 zangu ziko wapi? Bodaboda ikatupita, dereva akanionyesha nyuma kwa mkono. Nikampungia. Ya pili ikatupita, huyo naye akaonyesha nyuma. Nikasema watu wa leo wachangamfu.

"Mkwe," mama akaniambia begani, "kuna kitu kinaungua. Si maharage."

Nikasimama mlango wa gereji, bahati nzuri. Hapo kwenye kitovu cha tairi la nyuma palikuwa pa moto wa kutosha kuchemshia chai, na panafuka moshi. Fundi hakuuliza. Aliinama, akaishika ile nati ya kurekebishia iliyo mwishoni mwa rodi ya breki, akailegeza mizunguko kadhaa, akalizungusha tairi. Likazunguka bure. Ekseli ikirudi nyuma, kitovu kinakwenda nayo, lakini rodi ya breki urefu wake ni uleule na mbele imefungwa kwenye kanyagio, kwa hiyo inaivuta breki kana kwamba umeikanyaga. Kila ukikaza cheni, unairekebisha na breki, kanyagio liwe na uhuru wa mm 20 hadi 30 kabla ya kushika. Fundi alisema tusubiri kitovu kipoe, kisimwagiwe maji, na kwamba pesa hataki, kacheka za kutosha.

Mama mkwe alikuwa ameshuka, anakung'uta kanga.

"Ilikuwa nini?"

"Breki, Mama. Ilikuwa imeshika."

Akaitazama ile pikipiki, akaniangalia mimi, akaweka mkoba wake begani.

"Si niliikanyaga jana? Ndiyo kwanza taarifa imefika."